Meza ya Kona, Karibu na Mlango wa Jikoni

Tarehe 4, mwezi wa pili

Mke wangu Cherehani,

Nimefika salama. Dada yangu hajambo, anakusalimu, na anasema kitenge ulichomshonea kinamkaa vizuri isipokuwa kwapani. Hilo nimelifikisha kama nilivyoambiwa, usinigombeze mimi.

Chumba alichonipa kiko juu ya karakana ya seremala. Msumeno unaanza saa moja asubuhi. Ukinyamaza msumeno, pacha wa dada wanaanza, na wakilala pacha, redio inafunguliwa kwa sababu eti sasa nyumba imetulia. Humu mtu hawezi kusoma hata maandishi ya kiberiti, seuze kitabu cha mitambo ya maji chenye kurasa mia nne. Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza mjini imekuwa kutafuta mkahawa wa kusomea.

Usicheke, ni kazi ngumu. Wa kwanza uko karibu na stendi. Chai yake nzuri, lakini mhudumu anafuta meza kila ninapofungua ukurasa, na kikombe anakiondoa kabla sijakishusha. Wa pili uko karibu na mahakama, umejaa mawakili, kila mmoja anampa mwenzake siri kwa sauti ya mnada. Wa tatu ndio huu ninaokuandikia. Uko ghorofani, ngazi kumi na saba, kimya, na una dirisha kubwa linalotazama mashariki. Nakaa dirishani tangu saa mbili hadi saa sita, kabla jua halijazunguka nyuma ya jengo. Nikikuta mtu amenitangulia pale narudi nyumbani, maana meza nyingine hazinifai.

Mtihani ni tarehe 20 mwezi wa tano. Sina haja ya kukukumbusha kwamba mwaka jana nilianguka. Nikianguka tena, usimamizi wa kituo cha pampu atapewa yule niliyemfundisha mwenyewe kushika spana. Nikipita, tunapewa nyumba ya kampuni, na wewe utakuwa na chumba cha kushonea chenye mlango wake. Wabusu binti zetu.

Wako,
Fundi


Tarehe 11, mwezi wa pili

Fundi,

Barua imefika Jumanne. Nimeisoma mezani kwa sauti, binti zako wakacheka mpaka mdogo akamwaga uji. Mwambie wifi kwapa alilonipa wakati wa kupima silo alilonalo sasa.

Lakini nina maswali, na wewe unanijua, swali likinikaa kooni silali. Miaka kumi na miwili umesoma vitabu vyako humu ndani huku cherehani yangu ikipiga kelele ubavuni mwako, hukuwahi kulalamika. Leo unataka kimya? Na hilo dirisha ni la kusomea au la kutazama wapita njia? Halafu saa sita kamili unafunga kitabu. Unakwenda wapi? Kitabu hakina saa ya kufungwa kama benki.

Sisemi kitu. Nauliza tu. Mwenye macho haambiwi tazama, na mimi ninayo mawili.

Kiti cha marehemu baba yako bado kiko pale dirishani. Nilitaka kukitoa nikashindwa. Kila nikipita namwona amekaa akigeuza uso kulifuata jua, hata baada ya macho kuisha kabisa. Miaka sita nilimshika mkono kwenda chooni na kurudi, sasa naona mkono wangu hauna kazi. Mungu amlaze pema.

Andika haraka. Simu ya dukani unajua ni ya misiba tu.

Mkeo,
Cherehani


Tarehe 23, mwezi wa pili

Mke wangu,

Siendi popote saa sita. Natembea kidogo, narudi, nalala. Usianze.

Ule mkahawa wa ghorofani nimeuacha. Dirisha lile nililolisifu limenigeuka. Ikifika saa nne mwanga unapiga karatasi mpaka karatasi inawaka, na kichwa kinaniuma siku nzima. Nimezunguka wiki mbili kutafuta mwingine. Kuna mmoja nyuma ya duka la vitabu, wenyewe wanasema ni wa wanaosoma tu. Meza ndefu, taa nzuri za darini, na mzee wa kaunta ambaye ukikohoa mara mbili anakunyooshea kidole. Nilidhani nimepata pepo. Siku ya pili tukaagiza chai, tukajisahau, tukafukuzwa kama kuku sebuleni. Kwa hiyo natafuta tena.

Nimefika ukurasa wa mia na themanini. Hesabu za shinikizo la maji zinaingia. Michoro ndiyo inanisumbua.

Wako,
Fundi


Tarehe 2, mwezi wa tatu

Fundi,

Tukaagiza. Tukajisahau. Tukafukuzwa.

Nimeisoma sentensi hiyo mara tatu, mara ya kwanza nikiwa nimesimama, mara mbili nikiwa nimekaa. Ulipoondoka hapa ulipanda basi peke yako. Sasa ni nani na nani walioagiza chai? Na wamefukuzwa kwa kuongea, kwenye mkahawa ambao kazi yake ni kunyamaza! Kitabu kimeanza kukujibu?

Barua hii yako sikuwasomea watoto. Nimewaambia baba anasoma sana, anawasalimu.

Nimefikiria kumwandikia dada yako aniambie unatoka na nani. Halafu nikakumbuka kwamba wifi ni wifi, hawezi kunitolea siri ya kaka yake, ataniandikia habari za kwapa. Basi nakuuliza wewe mwenyewe, kwa heshima zote, mke anamuuliza mume. Ni nani?

Mkeo


Tarehe 15, mwezi wa tatu

Mke wangu,

Ni mwenzangu
wa mtihani, anatoka kituo kingine.
Tunasaidiana. Hakuna zaidi.

Nimepata mkahawa mzuri kuliko yote.
Uko kando ya soko. Sahani zinagongana,
wapishi wanaitana, mashine
ya kahawa inapumua kama pampu
namba mbili. Tunakaa meza ya kona,
karibu na mlango wa jikoni, taa yake imekufa,
hapasumbui macho. Hakuna anayetusikia.
Mwenye mkahawa ni mama mmoja
mkali lakini hafukuzi mtu.

Niamini.

Fundi


Tarehe 21, mwezi wa tatu

Fundi,

Mimi ni mshonaji. Nguo ikiletwa kwangu naigeuza ndani nje, natazama mshono. Barua zako nimezigeuza zote, nimezipanga kitandani, na haya ndiyo ninayoyaona.

Mwezi wa pili ulitafuta kimya. Mwezi wa tatu unatafuta makelele. Anayesoma anatafuta makelele ya nini? Makelele ni pazia la wanaonong'onezana. Mwezi wa pili hukuweza kukaa pasipo dirisha. Sasa umejichimbia kona yenye taa iliyokufa na unaisifu. Kitabu gani kinasomwa gizani? Na umeandika kwa mkono wako mwenyewe kwamba hakuna anayewasikia. Mnasema nini kisichotakiwa kusikika?

Halafu mwandiko. Wewe ulikuwa unaandika kama sisimizi, barua moja nilikuwa naimaliza kwa siku mbili. Sasa maneno matatu yanajaza mstari. Unajaza karatasi kwa sababu huna la kuniambia, na ninalijua hilo kama ninavyojua mteja aliyekula kitambaa akaleta viraka.

Na hujanijibu. Neno "mwenzangu" halivai sketi wala suruali, umelichagua kwa akili. Sasa mimi namvalisha mwenyewe. Msalimie huyo kunguru wako wa kona. Mwambie kunguru huyo hana kiota chake, amekaa kwenye cha mwenzake akadhani ametaga yeye.

Nina hasira, Fundi, lakini chini ya hasira nina hofu. Sikuwahi kukuhofia hata siku moja, na sijui niiweke wapi hofu hii.

Mama wa watoto wako


Tarehe 2, mwezi wa nne

Mke wangu mpendwa,

Natumai hamjambo nyote. Utashangaa kuona mwandiko huu. Nimebanwa kidole na mlango wa basi, kidole cha shahada cha mkono wa kulia, siwezi kushika kalamu. Nimeomba mtu aniandikie.

Masomo yanakwenda vizuri. Tumefika ukurasa wa mia tatu na ishirini. Barua yako ya mwezi uliopita nimeipata na nimeisikia yote. Nakuomba uvumilie hadi tarehe ishirini mwezi ujao. Mtihani ukipita nitarudi, tutakaa chini, nitakueleza kila jambo. Kuna mambo hayasemeki kwenye karatasi.

Wasalimie watoto. Mdogo umwambie nakumbuka sauti yake akisoma mashairi ya shule.

Mumeo,
Fundi


Tarehe 8, mwezi wa nne

Baba wa watoto wangu,

Huo ni mwandiko wa mwanamke. Umelala upande mmoja, umepangwa, hauna hata kosa. Kwa hiyo kunguru sasa ameshika na kalamu. Nimekuuliza ni nani, ukamtuma yeye mwenyewe aje kunijibu, kwenye karatasi, hadi kitandani kwangu.

Kidole! Mlango wa basi ulikubana kidole, na wiki mbili kabla ya kidole mwandiko ulishabadilika. Njia ya mwongo ni fupi, yako haikufika hata kwenye geti.

Sitasubiri tarehe ishirini ya mtu. Nimelishusha sanduku juu ya kabati, nimeweka nguo zangu na za watoto, na kichwa cha cherehani nimekifunga kwenye blanketi. Mwisho wa mwezi huu, kama sijapata barua ya ukweli kwa mkono wako, hata uwe wa kushoto, nakwenda kwa kaka yangu. Ufunguo nitaacha kwa jirani. Nyumba ya kampuni mtahamia nyinyi wawili, na chumba changu cha kushonea muweke kiota.

Sikulii. Nilishalia Jumapili.

Mwenye sanduku


Tarehe 8, mwezi wa nne

Kwa Mwenye Mkahawa,

Salamu, mama. Hunijui. Anwani yako nimeitoa kwenye muhuri wa karatasi ambayo mume wangu aliniandikia akiwa mkahawani kwako. Ni mwanamume mrefu, ana kovu la bomba la moto kidevuni, hucheka kabla hajamaliza kusema. Anakaa meza ya kona, karibu na mlango wa jikoni, pamoja na mwanamke.

Najua mkahawa haukufunguliwa kwa ajili ya kupeleleza waume za watu. Lakini wewe ni mwanamke, na nadhani umri wako unajua mambo. Sikuulizi wanasema nini. Nakuuliza jambo moja tu, kwa sababu hilo halifichiki. Akiwa na huyo mwanamke, anamwangalia vipi?

Nitashukuru kwa jibu lolote, hata likiwa baya.

Mke wa mteja wako


Tarehe 17, mwezi wa nne

Kwako mama,

Barua yako niliiweka chini ya mashine ya kahawa siku nne nikiwa sijui nifanye nini nayo. Nimefanya biashara hii miaka ishirini na sita. Nimeona waume waliokuja na wake zao asubuhi na wake wa wenzao mchana, na nimewapa wote chai ya moto. Ninachojua ni kwamba meza haisemi, na mwenye meza anapaswa kuwa hivyo hivyo.

Lakini umeuliza swali zuri, kwa hiyo nimemtazama siku tatu mfululizo. Kupeleleza hakumo kwenye ubao wangu wa bei, basi hii ni bure.

Umeuliza anamwangalia vipi. Hamwangalii.

Wanakuja saa tatu, wanaondoka saa sita. Yule binti anafungua kitabu kikubwa na kusoma kwa sauti. Ndiyo maana walihamia kwangu, kwingine wanafukuzwa kwa kusumbua wasomaji. Mumeo anafumba macho, uso ameuelekeza ukutani, sikio ndilo analompa binti. Mara kwa mara anamkatiza, anamwambia rudia, halafu anamweleza jambo la maji na mabomba kwa mikono. Mwanamume anayempenda mtu humtazama hata akiwa anakula. Huyu wako hata mimi hanitazami. Nikimletea chai anaitikia pale sauti yangu ilipokuwa, si pale niliposimama.

Kikombe anakitafuta. Anaweka mkono ukingoni mwa meza, anavitembeza vidole polepole mpaka vigonge sahani. Wiki mbili zilizopita alisimama kuondoka akaushukuru mti wa kutundikia makoti. Nilicheka, na mpishi wangu akacheka mpaka akakaa chini. Tulidhani ni mtu wa mizaha.

Juzi nilisogeza meza yake hatua mbili kupisha ndoo, paa linavuja. Siku hiyo binti alichelewa. Mumeo aliingia peke yake, akahesabu hatua zake kama kawaida, akafika mahali ambapo meza haipo. Akasimama katikati ya mkahawa wangu, kitabu kifuani, watu wanampita na sinia, hakusogea, hakuita mtu. Alisimama hivyo mpaka binti alipokuja akamshika kiwiko. Meza nimeirudisha na ndoo nimeihamisha mimi. Siku hizi sicheki.

Sijui kama jibu hili ni baya au ni zuri. Wewe ndiye mkewe.

Mwenye Mkahawa


Tarehe 19, mwezi wa nne

Kwako dada,

Shikamoo. Mimi ndiye kunguru.

Naandika bila yeye kujua, na ninaomba radhi kwa hilo kabla ya mengine. Nafanya mtihani ule ule. Nina miaka ishirini na minne, na kwenye kituo chetu mimi ndiye msichana pekee, kila mtu ananipa spana ndogo. Nilimkuta mumeo kwenye ule mkahawa wa ghorofani, kitabu amekisogeza hadi puani, machozi yanamtoka. Nilidhani amefiwa. Akaniambia ni mwanga tu. Siku ya tatu akaniuliza kama ninaweza kumsomea ukurasa mmoja, nikamsomea, akanieleza ukurasa huo kwa namna ambayo mwalimu wangu hakuwahi kunieleza. Tukapatana. Mimi nina macho, yeye ana miaka kumi na minane ya pampu. Jana amegonga kikombe kitupu kwa kijiko, halafu kilichojaa, halafu chenye ufa, akanifundisha kusikia pampu inayovuta hewa. Hakuna zaidi ya hayo, dada, naapa.

Tulikwenda kwa daktari wa macho mwezi uliopita. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia linaona mlango ulipo, na mtu akisimama mlangoni anaona kuna mtu. Daktari amemuuliza kama kuna mwingine kwenye ukoo. Akasema: "Baba yangu."

Nikamwambia, mwambie mkeo. Akanieleza sababu ya kutokukwambia, na mimi naikabidhi kwako kama nilivyoipokea. Anasema wiki moja baada ya kumzika mzee, ulikaa kizingitini na jirani, naye yuko ndani anavaa viatu. Akakusikia ukisema: "Nikirudishiwa miaka sita hii, naikimbia. Kipofu mwingine mimi simshiki mkono." Anasema hakukasirika. Anasema ulikuwa na haki. Ametaka apate cheo na nyumba kwanza, ili siku ya kukwambia awe na kitu cha kukupa, usione umebaki na mzigo mtupu.

Barua zako zote tangu mwezi wa tatu nimezisoma mimi, neno kwa neno. Neno kunguru nimelisoma, kiota nimekisoma, na nilipofika pale alitaka niache, nikamwambia akutukanaye hakuchagulii tusi, acha nimalize. Kidole ni uongo wetu wawili, tuliutunga pale mezani, ulikuwa uongo mbaya.

Ila barua ya tarehe nane sikumsomea. Nimemwambia haijafika. Iko ndani ya kitabu, ukurasa wa mia tatu na sitini, na kila siku ananiuliza posta wanasemaje. Mtihani umebaki mwezi mmoja. Nikimsomea habari za sanduku hatafanya mtihani, atapanda basi na kuja kukutafuta, na hawezi kupanda basi peke yake. Niambie nifanye nini.

Mdogo wako,
Msomaji


Tarehe 26, mwezi wa nne

Kwako unayesoma barua hii kwa sauti,

Marahaba, mdogo wangu. Kaeni meza ya kona. Mwambie mama wa mkahawa azime mashine kidogo, kama anaweza. Ndani ya kitabu, ukurasa wa mia tatu na sitini, toa barua yangu ya tarehe nane umsomee yote, na sanduku, na kiota. Sitaki siri nyingine ibaki mezani, hata yako njema. Akitaka kusimama, mshike kiwiko umwambie barua ya pili iko mkononi mwako. Ukimaliza ile, endelea hapa. Usiruke neno.

Fundi, mume wangu,

Barua mbili zilikuja siku moja, ya mwenye mkahawa na ya huyu binti. Nilianza na ya mama yule. Nilipofika pale unapovitembeza vidole mezani kutafuta kikombe, sikuendelea. Vidole vile navijua. Nilivitazama miaka sita juu ya meza yangu mwenyewe, vya baba yako.

Mimi niliyemhudumia mzee! Yeye pia alianza kwa kuling'ang'ania dirisha, mtu akikaa pale anagomba. Halafu mwanga ukaanza kumchoma, akahamia stoo, penye giza, akasema ndiko anakosikia raha, mpaka macho yalipoisha akarudi dirishani. Yeye pia herufi zake zilikua kubwa mpaka sahihi yake ikajaza karatasi ya pensheni. Nilikuwa nayajua yote hayo kwa mpangilio wake. Nikayaona kwako moja baada ya jingine, nikayapanga kitandani, nikayaita mwanamke. Naona aibu, na huyu binti anayenisoma asikie kwamba naona aibu. Mdogo wangu, nisamehe.

Sasa wewe. Maneno ya kizingitini niliyasema, sikusingiziwa. Nilikuwa nimechoka, Fundi. Mtu aliyechoka akikaa kizingitini anasema lolote, na jirani ndiyo kazi yake kusikiliza. Nilisema ningeikimbia ile miaka sita. Lakini sikuikimbia hata siku moja, na hilo hukulisikia mlangoni, uliliona, kwa macho yako yote mawili yalipokuwa mazima. Kwa nini ulichukua neno langu moja ukaacha miaka sita?

Na nina hasira bado, usidhani barua hii ni ya maziwa na asali. Umempa mpita njia siri uliyoninyima mimi. Umemwacha mtoto wa watu atukanwe kwa kinywa chake mwenyewe. Mficha maradhi kifo humuumbua, wewe umeumbuliwa na ndoo ya mkahawa. Nyumba ya kampuni! Nani alikwambia ninahitaji mlango? Nilichotaka ni mtu wa kuniambia ukweli huku cherehani inapiga kelele.

Basi sikiliza. Sanduku sikulirudisha juu ya kabati. Watoto nimewapeleka kwa kaka yangu, nguo zao nimezitoa, zangu zimebaki, na nakuja nalo. Nafika Jumamosi kwa basi la asubuhi. Wifi aniandalie mahali, na mimi nitamrekebishia kwapa. Jumatatu tunakwenda, mimi na wewe, kwa mkuu wa mtihani. Tutamwambia ukweli, na tutaomba usomewe maswali nawe ujibu kwa mdomo. Akikataa, atatukataa tukiwa wawili. Akikubali, nitamwomba nisome mimi, maana huyu binti atakuwa na mtihani wake. Kusoma kwangu si kama kwake, nasoma kama ninavyoshona, nasimama kwenye kila kona, lakini sikosei mstari. Mpaka siku hiyo tutafanya mazoezi. Mama wa mkahawa aongeze kiti cha tatu, na asiisogeze meza.

Msomaji, hapa mwisho usisome tena. Hapa chini sikuandika kwa wino. Nimeshona kwenye karatasi, kwa uzi mnene wa vifungo, jina analoniita yeye. Mpe karatasi mkononi, umwambie apitishe kidole polepole, kutoka kushoto. Atumie kile kilichobanwa na mlango wa basi.